Katuni za kompyuta: Programu bure, gharama iko kwa wahusika

Mwekezaji mdogo anayetaka kuingia katika biashara ya katuni za kompyuta asivutwe na neno "bure" peke yake. Daz Studio, programu ya kupanga, kuvisha na kupiga picha wahusika wa pande tatu, haitozwi. Kampuni yake ya Marekani hupata fedha kwa kuuza miili, nywele na mavazi. Leseni ya kawaida inaruhusu kuuza kurasa za katuni, si umbo lenyewe. Kuliingiza katika mchezo wa kompyuta kunadai leseni ya ziada. Blender, programu huria tangu 2002, haina ada, ila kuunda mhusika huchukua muda. Mhusika akishapatikana hutumika matoleo yote. Anayepanga toleo moja tu, hesabu itamlemea.