Sheki bila feza inafungisha mutu

Ndugu wa mgodi, tunaona wanunuzi wa madini wanatoa sheki na kusema: «Ngojea mwezi ujao.» Tuangalie. Sheki inalipwa siku ile inafika ku banki, hata kama wameandika tarehe ya mbele. Kama hakuna feza ku konti, banki inairudisha. Omba karatasi yenye kuonyesha sababu, uitunze, uipeleke ku parke. Inchini kwetu, kutoa sheki ukijua konti ni tupu ni kosa: kuna boloko, kuna amande, na deni haifutike.

Na sisi pia: mwenye kusaini sheki ku duka mbele mushahara haujaingia, sheria ni ile ile. Kisha ni mama watoto atabeba chakula ku mlango wa boloko.