TUMBO LA MFANYAKAZI NA DAWA YA KICHINA

Ndugu wafanyakazi, wako wenzetu hapa Bujumbura na katika mashamba ya Imbo ambao wakihara hukimbilia dawa ya Kichina. Hatuidharau. Tangu zamani waganga wa China hutibu kuhara kwa mzizi mchungu uitwao huanglian. Ndani yake mna berberini, nayo huzuia vijidudu kadha wa kadha.

Lakini si kila kijidudu ni adui. Utumbo wetu umejaa vijidudu visivyohesabika, na vingi husaidia kusaga chakula na kuvinyima nafasi vile vibaya. Hata maziwa ya mgando ni kazi yao: hula sehemu ya sukari iliyomo, ndiyo maana mtu asiyepatana na maziwa matamu mara nyingi huyaweza ya mgando. Dawa ya kuua vijidudu, ikimezwa ovyo, huweza kuvigusa na vile vyema.

Kipindupindu, kilichotangazwa mjini kwetu Januari 2023, ni hatari zaidi. Kinachoua ni kuishiwa maji mwilini, tena kwa saa chache, na mzizi haurudishi maji. Changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mnyweshe mgonjwa kidogo kidogo huku mkimpeleka kituo cha afya.

Sasa, hayo maji safi mkata miwa atayapata wapi? Kwa hiyo tunadai kwa waajiri bomba na vyoo kwanza, sanduku la dawa baadaye.