Mtoto Asiyecheza ni wa Kuchunguzwa

Wazazi wengi wa Kitui na Makueni hufurahi mtoto wa miaka minne akirudi kutoka chekechea na daftari lililojaa herufi. Akirudi na magoti yenye mchanga, huuliza karo wanalipia nini. Ukweli ni kwamba kwa mtoto wa umri huo, mchezo ni masomo na pia ni kipimo cha afya.

Kuna michezo ya aina mbili. Ya kwanza ni mchezo huru, ambapo mtoto hujichagulia la kufanya. Kwenye mchanga wa mto uliokauka, kama Kaiti au Nzeeu, atachimba kisima, atapika kalongolongo na kuendesha gari la waya. Hapo hujifunza kubuni, kugawana na kumaliza ugomvi bila mkubwa kuingilia. Vidole vinavyofinyanga udongo leo ndivyo vitakavyoshika kalamu kesho.

Ya pili ni mchezo unaoongozwa. Mwalimu au mzazi huweka kanuni: kuruka kamba kwa zamu, kuhesabu vifuniko vya soda, kuimba kwa vitendo. Mtoto hujifunza kusikiliza, kungoja na kufuata maagizo. Aina moja haichukui nafasi ya nyingine.

Je, acheze kwa muda gani? Mwaka wa 2019, Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka 3 na 4 autumie mwili wake kwa angalau dakika 180 kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za kukimbia na kuruka hadi apumue kwa kasi. Kutazama televisheni au simu kusizidi saa moja.

Hata hivyo, mchezo huru si kumtelekeza mtoto. Mashimo yaliyochimbwa mchanga hujaa maji mvua inyeshapo, na mtoto huzama bila kelele. Mtu mzima awe karibu. Ndugu wa miaka sita si mlezi.

Sasa zingatia jambo hili. Mtoto mwenye njaa ya muda mrefu au upungufu wa damu huacha kucheza ili kuhifadhi nguvu kidogo alizo nazo. Wakati wa ukame, mama huweza kumsifu kuwa ametulia, kumbe anadhoofika. Akikaa tu wenzake wakikimbia, mpeleke kituo cha afya apimwe uzito na damu. Akiwa mlegevu, akikataa kula au akipata degedege, usingoje kesho.

Mchezo pia ni tiba. Katika mwongozo wa Shirika hilo wa kutibu utapiamlo mkali, mtoto huchezeshwa kwa dakika 15 hadi 30 kila siku, pamoja na kupewa maziwa maalumu na dawa.

Mzazi, huhitaji kununua chochote. Jioni ya leo keti na mwanao, hesabuni mawe kumi, kisha mwache ayafanyie apendavyo.