Shujaa wa Tanzia na Ukweli Anaoukabili

Tauni imeingia Thebes. Mifugo inakufa, mimba zinaharibika, na watu wamejaa mbele ya jumba la mfalme wakiomba kuokolewa. Oedipus anaapa kumsaka aliyemuua Laius, mfalme aliyemtangulia, na papo hapo anamlaani muuaji huyo hadharani. Watazamaji wa Athens walikijua kisa hicho tangu zamani. Walijua kwamba anajilaani mwenyewe.

Sophocles aliiandika tamthilia hiyo katika karne ya 5 kabla ya Kristo, na ufundi wake umo katika mpangilio. Oedipus alikwisha kumuua Laius, baba yake, na kumwoa mama yake miaka mingi kabla ya onyesho kuanza, tena kwa kutojua. Kinachofanyika jukwaani ni upelelezi. Nabii kipofu Tiresias anaomba aachwe arudi kwake bila kusema neno. Jocasta, mke wa mfalme, akishang'amua mambo yanakoelekea, anamsihi mumewe asiulize zaidi. Mchungaji mzee hafungui kinywa mpaka atishiwe mateso. Oedipus hasikii la mtu, na ukweli unapotoka, Jocasta anajinyonga, naye Oedipus anachomoa pini za nguo ya marehemu na kujitoboa macho.

Ni rahisi kumhukumu kwa methali ya asiyesikia la mkuu. Lakini ukaidi huo huo ndio unaouokoa mji na tauni. Aristotle, aliyeichambua tanzia karne moja baadaye, alimtaka shujaa awe mtu wa cheo, asiye mwovu wala mkamilifu, anayeanguka kwa kosa fulani. Wanafunzi wengi hukariri hapo tu, na kuliacha jambo alilolisifu sana kwa Oedipus: kuanguka kwake na kujitambua kwake vinakuja kwa pamoja.

Februari 1949, Arthur Miller alipeleka kwenye jukwaa la New York shujaa asiye na cheo chochote. Willy Loman wa Death of a Salesman ni muuza bidhaa mwenye miaka 63, aliyechoka kusafiri. Mwezi huohuo Miller aliandika gazetini kwamba mtu wa kawaida anastahili tanzia sawa na wafalme, na onyesho moja linatosha kulithibitisha hilo. Willy anakwenda kuomba kazi ya ofisini. Bosi wake, kijana Howard, anachezea mashine mpya ya kurekodi sauti, na Willy analazimika kusubiri huku sauti za watoto wa bosi zikisikika. Anaomba dola 65 kwa wiki. Anashuka hadi 50, kisha 40. Anafukuzwa kazi.

Mwanawe Biff anajaribu kumweleza kwamba ndoto zake ni za uongo. Willy anachokisikia ni kwamba mwanawe anampenda, basi. Anaondoka na gari kwenda kujiua ili familia ipate bima ya dola 20,000. Oedipus anaangamizwa na ukweli alioutafuta mwenyewe. Willy anakufa akiukimbia.

Ebrahim Hussein alimpa shujaa wake njia ya tatu. Katika tamthilia ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, mganga wa Vita vya Maji Maji anaishuku nguvu ya maji ya kinga aliyowapa watu wakati vita bado havijaanza. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anaahidiwa uhai wake akikiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa. Anajua kwamba akikana, vizazi vijavyo vitaambiwa kuwa kupigania uhuru kulikuwa kosa. Huyu ameujua ukweli kama Oedipus, na bado anachagua kuubana kifuani kwa ajili ya wengine. Kwa uzito wa uamuzi huo, anamzidi Willy Loman kwa mbali.

Walimu wa fasihi wanayo bahati: Samuel Mushi alikwisha kumleta Oedipus kwa Kiswahili katika Mfalme Edipode. Wawasomeshe vijana tamthilia hiyo pamoja na Kinjeketile, katika muhula mmoja.