Brathe wangu yuko wapi? Makanisa hayana jibu moja kuhusu roho baada ya kifo

Mwaka jana tulimzika brathe wangu. Alikuwa na miaka 24, mwendesha boda, na lori lilimgonga asubuhi akirudi steji. Msiba ulituvunja, lakini kilichommaliza mathe ni mahubiri ya siku ya mazishi. Padre hakupatikana, jirani akatuletea mhubiri. Jamaa alishika maikrofoni, akaelekeza kidole kwenye jeneza na kutuambia kwamba kijana asiyeokoka tunajua alikoenda. Kisha akauliza ni nani anataka kuokoka kabla hajamfuata.

Watu kama kumi waliinua mikono. Mathe aliangalia chini. Tangu siku hiyo akawa hapati usingizi. Usiku mmoja aliniuliza, "Baba, kwani wewe unaona anaungua?"

Mimi si pasta. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili karo ilipokatika, kwa hivyo usitarajie thiolojia ya digrii hapa. Lakini swali la mathe singeliacha hivyo tu. Nikaanza kuuliza, na bahati nzuri familia yetu ni kama mkutano wa makanisa: mathe ni Mkatoliki, mjomba ni Msabato, shangazi ni wa kanisa la Kipentekoste, na rafiki yangu mmoja wa ploti ni Shahidi wa Yehova.

Nilianzia kwa katekista wa mathe. Kwa Wakatoliki, mtu akifa tu anapata hukumu yake binafsi. Aliye safi kabisa anaingia mbinguni. Aliyekufa katika neema ya Mungu lakini bado ana madoa anapitia toharani kutakaswa, na kutoka huko safari ni moja tu: mbinguni. Jehanamu ni ya anayemkataa Mungu kwa kujua na kwa hiari yake, akafa bila kutubu. Ndiyo maana Wakatoliki wanawaombea wafu, hasa tarehe 2 Novemba. Wanarejelea kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 12, ambacho hakimo katika Biblia za Waprotestanti wengi.

Alichoniambia mwisho ndicho kilinishtua. Kanisa Katoliki limetangaza watakatifu wengi sana, lakini halijawahi kutangaza rasmi kwamba mtu fulani, kwa jina, yuko jehanamu. Miaka yote hiyo! Sasa yule mhubiri alipata wapi orodha?

Shangazi alisema mambo ya toharani hayamo kwenye Biblia yake. Hapo hayuko peke yake. Waanglikana waliikataa toharani katika Vifungu vyao 39 vya mwaka 1571, na Ungamo la Westminster, ambalo Wapresbiteri wamelirithi tangu miaka ya 1640, linasema roho zina mahali pawili tu pa kwenda. Kwa shangazi, aliyeokoka akifunga macho hapa anayafungua mbele za Bwana. Andiko lake ni Luka 23:43, pale Yesu anapomwahidi yule mhalifu msalabani kuwa naye peponi.

Nikamuuliza, "Shangazi, huyo mhalifu alibatizwa lini? Alitoa fungu la kumi lini?" Alinyamaza kidogo, akasema, "Hakuwa na muda. Aliomba tu." Kisha akaongeza polepole kwamba hata brathe wangu, pale barabarani, hakuna anayejua alisema nini na Mungu wake.

Mjomba naye alikuja na stori tofauti kabisa. "Mpwa wangu, kijana amelala. Hajui lolote." Wasabato wanaamini kwamba kifo ni usingizi hadi Yesu arudi, na wanatumia Mhubiri 9:5. Alinifungulia pia Mwanzo 2:7. Kwake mtu hakupewa nafsi kama simu inavyowekwa laini. Mtu mwenyewe ndiye nafsi. Pumzi ikirudi kwa Mungu, hakuna kipande kinachobaki kikizurura. Na waovu? Mwishowe wataangamizwa, wala hawatachomwa milele.

Rafiki yangu Shahidi wa Yehova anakubaliana naye kwamba wafu hawajui lolote na kwamba hakuna moto wa milele. Tofauti ni kwamba kwao watu 144,000 ndio wataenda mbinguni, na waaminifu wengine wataishi milele katika paradiso hapa duniani.

Nikawauliza hawa wawili: mbona Luka 23:43 inasema "leo"? Kumbe vita vyote ni vya mkato mmoja! Maandiko ya kale ya Kigiriki hayakuwa na alama za uandishi kama zetu. Ukiweka mkato kabla ya neno hilo, mhalifu anaingia peponi siku hiyohiyo. Ukiuweka baada yake, anaahidiwa siku hiyo lakini ataingia baadaye. Watafsiri wengi huuweka kabla.

Unaweza kusema haya ni mabishano ya wazee. Lakini kumbuka msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, mwaka 2023. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, wengi walikufa njaa kwa kuamini kwamba kufunga hadi kufa kutawafikisha kwa Yesu. Watoto walikuwa miongoni mwao. Mtu akikushika kwa hofu ya kifo anaweza kukupeleka popote. Ndiyo maana ni vizuri ujue kanisa lako linafundisha nini hasa, na ujue pia kwamba Wakristo wengine wanasoma Biblia na kuona tofauti.

Lakini kuna mahali wote wanne walikutana. Kila mmoja alisema wafu watafufuliwa. Na kila mmoja, nilipombana, alikiri kwamba hukumu si yake. Hata anayeamini moto wa milele hakuthubutu kuniambia brathe wangu yumo.

Nilirudi kwa mathe nikamweleza yote, hadi ya mkato. Alisikiliza akichambua sukuma wiki. Sikumwambia brathe yuko mbinguni, kwa sababu hilo pia silijui. Nilimwambia kwamba yule mhubiri hakujua. Jumapili iliyofuata alienda kuandikisha misa ya kumwombea, na shangazi, ambaye haamini misa za wafu, alimsindikiza na kukaa naye benchi moja.

Kwa hivyo, wewe unayepewa maikrofoni matangani, hebu jichunge. Neno "marehemu" tulilitoa kwa Kiarabu, na maana yake ni aliyerehemiwa. Tunamwita hivyo kila aliyekufa, hadi kwenye tangazo la redio. Ukishamwita hivyo mbele ya mamake, usigeuke tena kumpeleka motoni.