Kifimbo cha freni ya nyuma

Kwenye Toyota nyingi za zamani, kama zile zinabeba watu na unga kati ya Baraka, Fizi na Misisi, kuna valvu ya kugawa freni chini ya chasi. Kifimbo kinaiunga na diferensia: mzigo ukishusha chasi, freni ya nyuma inapata nguvu zaidi.

Fundi akiongeza lamu za resori, chasi inabakia juu, valvu inazani gari ni tupu. Mteremkoni, freni za mbele zinafanya kazi nyingi kupita kiasi, zinaweza kuungua.

Wengine wanaitoa kabisa. Mbaya zaidi! Gari tupu, mvua, magurudumu ya nyuma yanakwama, inateleza kando. Afadhali fundi ainue kishikio cha kifimbo kwenye diferensia, sentimita zilezile chasi ilipanda. Kisha atoe hewa, ajaribu tupu na kwa mzigo, mbele watu hawajapanda.