Wahandisi Waliofundwa na Mfereji

Mwaka 1793, waliotaka kuchimba Mfereji wa Middlesex huko Massachusetts walimtuma mpima ardhi wa kwao, Samuel Thompson, apime mwinuko kutoka Medford hadi mto Concord. Akarudi na futi 68 na nusu. Kumbe ni futi 104. Kwa mfereji hilo ni kosa zito, maana kila futi chache za mpando hudai lango jingine la kuinulia mashua, na fedha zake.

Simlaumu sana Thompson. Kupima mipaka ya shamba kwahitaji dira na mnyororo, lakini kupima kimo kwahitaji pimamaji yenye darubini, na kifaa hicho kilikuwa adimu mno Marekani. Alikuja nacho William Weston, Mwingereza aliyeajiriwa Pennsylvania, naye akaipima njia upya mwaka 1794. Darubini husawazishwa kwa kiputo cha hewa ndani ya kichupa. Mpimaji huchungulia ufito wenye alama uliosimamishwa nyuma yake, kisha mwingine mbele. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mpando. Halafu anahama, anaanza tena, maili baada ya maili, na kila kosa dogo analibeba hadi mwisho.

Weston alirudi kwao. New York ilipopanga Mfereji wa Erie ilimtaka, akakataa. Kazi wakapewa Benjamin Wright na James Geddes, wenyeji waliozoea kupima ardhi na kuamua kesi, si kujenga mifereji. Nao walipopima kimo hadi mahali pamoja kwa njia mbili tofauti zenye jumla ya maili 100 hivi, vipimo vyao vilipishana kwa chini ya inchi 2. Kwangu hapo ndipo uhandisi wa Marekani ulipozaliwa.

Msaidizi wao kijana, Canvass White, alikwenda Uingereza, akatembea kwa miguu kandokando ya mifereji akichora alichokiona. Aliporudi mwaka 1818, karibu na Chittenango lilipatikana jiwe la kutengenezea saruji inayoganda ndani ya maji. Bila saruji hiyo, kuta za malango 83 ya Erie zingevuja.

Mfereji, maili 363, ulikamilika 1825. John Jervis, aliyeingia 1817 kama mkata miti wa kikosi cha wapimaji, mwaka 1836 alikuwa mhandisi mkuu wa mradi wa Croton, uliopeleka maji jijini New York.